Mwanangu ni mgonjwa wa akili, na nyumba nzima imelemewa

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mwanangu ana miaka 22. Tangu mwaka wa pili wa chuo anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Tulimpeleka hospitali ya Mathari, daktari akasema ni skizofrenia. Baba yake anasema ni majini na anataka dawa zikome. Usiku natandika godoro mlangoni ili asitoke, funguo nimezifunga kwenye pindo la leso. Binti yangu wa kidato cha nne amehamia kwa jirani na hataki kurudi. Nilimwambia kwa hasira kwamba hana radhi zangu. Mdogo wao wa miaka tisa ameanza kukojoa kitandani. Kijana mwenyewe haswali wala hafungi. Je, Allah ananiadhibu? Mama, Eastleigh.

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, nianze na hilo la mwisho maana ndilo linalokunyima usingizi kuliko godoro la mlangoni. Hakuna mwanadamu mwenye elimu ya kukwambia kuwa maradhi ya mwanao ni adhabu yako. Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia mwanawe hadi macho yakawa meupe, naye ni Mtume wa Allah. Alisema, "Hakika mimi namshitakia Allah sikitiko langu na huzuni yangu" (Yusuf, 86). Nawe mshitakie, na ulie.

Kuhusu swala na funga, Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Siku akili ikitulia, mwite mswali pamoja, bila makaripio. Zilizompita akili ikiwa imemtoka hazilipi, kwa madhehebu yetu ya Shafii.

Baba yake namheshimu kwa uchungu alionao. Majini tunayaamini, yametajwa katika Qur'ani. Lakini Mtume yule yule aliyetufundisha ruqya, yaani kumsomea mgonjwa aya na dua, ndiye aliyesema, "Jitibuni enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa." Basi asomewe, na dawa aendelee kumeza. Akizikatisha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Na mtu yeyote anayetaka kumpiga au kumfunga kamba eti anamtoa jini, msimwachie mtoto hata kwa saa moja. Hiyo ni dhulma. Hospitali ya Sultani Qalawun iliyojengwa Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Waislamu wa zamani hawakuona aibu kumtafutia mtu kama huyu kitanda na tabibu.

Sasa binti yako. Hapa nitasema nawe kama kaka. Amekimbia hofu, hakukukimbia wewe. Anasikia ndugu yake akigombana na ukuta saa nane za usiku, na asubuhi ana mtihani. Mtume (s.a.w.) amesema, "Mcheni Allah, na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu." Mgonjwa anahitaji zaidi na atapewa zaidi, lakini asiwamalize wenzake. Nenda kwa huyo jirani leo, ulirudishe lile neno la radhi kwa mdomo wako, umwambie akae huko mpaka amalize mitihani na chakula chake utampelekea. Yule mdogo mweleze kwa maneno ya kitoto kwamba kaka anaumwa kichwani, haambukizi, na si yeye aliyemkasirisha. Watoto wengi hujilaumu kimyakimya, na mwili ndio unaosema.

Mzigo huu si wako peke yako kisheria pia. Mtoto mkubwa asiyeweza kuchuma na asiye na mali, matunzo yake ni juu ya baba. Baba akishindwa kumtosheleza, ami zake, kwa kuwa si wao wanaowajibika kumlisha, wanaweza kumpa zaka zao kama fakiri, zikanunua dawa. Waambie waziwazi.

Niliwahi kumsindikiza mzee mmoja wa msikitini kwetu kumtazama mwanawe hospitalini. Tulikaa kwenye benchi, ameshika mfuko wa mandazi mapajani, mafuta yamepenya karatasi. Akaniambia, "Watu wa msikiti wakiniona wananiuliza habari za mvua." Nami nilikuwa mmoja wao, kwa miaka. Anas (r.a.) amesimulia kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa na kasoro katika akili yake alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa ana haja naye. Mtume akamjibu, "Ewe mama fulani, tazama njia yoyote uitakayo, nikutimizie haja yako." Akasimama naye kando ya njia hadi alipomaliza. Hakumkata kauli, wala hakumwachia mtu mwingine. Imamu wa mtaa wako mwambie aisome hadithi hii, kisha aje nyumbani kwako anywe chai na kijana.

Visu na dawa zifungie. Akitaja kufa, au akisema sauti zinamwamrisha adhuru mtu, usingoje asubuhi: waite wanaume wa ukoo mumpeleke hospitali usiku huo huo.

Na usingizi wako ni haki. Sahaba Salman alimwambia mwenzake Abu Dardaa kwamba nafsi yako ina haki juu yako, na Mtume akamsadikisha. Kuanzia leo pangeni zamu na baba yake na ami zake. Usiku wa zamu yao fungua lile pindo la leso, wape funguo, ukalale chumbani na mdogo.

Wallahu aalam.