Handaki la kwenye The Perks of Being a Wallflower liko Pittsburgh

Kuna aliyeuliza kama handaki la kwenye filamu ya The Perks of Being a Wallflower liko New York. Hapana, si New York. Lile handaki analopita Charlie, mhusika mkuu, na wenzake usiku, rafiki yake Sam akiwa amesimama nyuma ya pikapu, ni Fort Pitt Tunnel la Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Ukitoka upande wa mjini unaingia moja kwa moja kwenye daraja la njano juu ya mto, na maghorofa yote yanakutokea kwa mpigo. Ndiyo maana tukio lile linamgusa mtu hivyo: kijana aliyekuwa amejifungia anaona mji mzima umefunguka mbele yake, na pembeni ana watu waliomkubali.

Stephen Chbosky, aliyeongoza filamu hiyo ya 2012, ndiye aliyeandika kitabu chenyewe mwaka 1999, na kwao ni hukohuko Pittsburgh.

Ila kuna aliyesema kwamba wimbo wa tukio hilo la handaki ni uleule wa kitabuni; sivyo. Kitabuni wanasikiliza "Landslide" wa Fleetwood Mac, kwenye filamu ni "Heroes" wa David Bowie.

Na kwa yeyote anayetaka kumwekea mdogo wake wa miaka 13 filamu hii: inagusa kujiua, na pia unyanyasaji wa kingono aliofanyiwa mtoto na mtu wa familia. Haionyeshwi waziwazi, lakini inauma sana. Tafadhali keti naye muitazame pamoja, usimwachie peke yake chumbani.