Kwa binti anayeambiwa aende benki: niliyoyaona ndani ya miaka 19 ya ukaguzi

Mdogo wangu mleta mada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama mwanamke anaweza kudumu kwenye ukaguzi wa hesabu za serikali bila kuuza utu wake. Pili, kama kazi yenyewe inazuia wizi kweli au tunajaza makaratasi tu. Umemaliza shahada ya uhasibu, umeitwa kazini, na mjomba wako anakwambia uende benki kwa sababu "mafisadi hawachezewi". Wengi waliotangulia kukujibu wamekutisha. Mimi kazi hii nimeifanya miaka 19, minane ya mwisho nikiongoza timu za ukaguzi wa halmashauri, na nakuomba uende.

Ile picha ya kupambana na mafisadi, ya mtu kuvamia ofisi na kufichua, iondoe kichwani. Mkaguzi hakamati mtu. Anauliza tu: fedha hii imetoka, karatasi yake iko wapi, na kitu kilichonunuliwa kiko wapi? Asipojibiwa anaandika hoja, yaani dosari inayobaki kwenye vitabu mpaka ijibiwe. Swali hilo la tatu ndilo wengi wanaliruka, kwa sababu linataka uinuke kwenye kiti.

Mwaka wangu wa nne tulipangiwa halmashauri moja ya ukanda wa pwani, jina naliacha. Kulikuwa na zahanati inajengwa kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kwa barabara ya vumbi. Faili la malipo lilikuwa limekamilika kuliko yote niliyowahi kulifungua: ombi la ununuzi, nukuu tatu za bei, oda, hati ya kufikishia mzigo, fomu ya kupokelea mali, ankara, hati ya malipo yenye muhuri wa IMELIPWA. Mifuko 600 ya saruji, imepokelewa siku moja. Kiongozi wa timu alikuwa ameshainua kalamu aweke tiki. Mimi nilikwama kwenye fomu ya kupokelea mali. Sahihi tatu za wajumbe watatu, wino uleule, na zote zimelalia upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Nikaomba twende eneo la mradi.

Getini tulimkuta mlinzi, mzee wa miaka 70 hivi, na kaunta buku ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe mvua. Nikamwamkia, nikaliomba daftari. Afisa ugavi aliyetusindikiza akaliwahi, akalifungua, akanirudishia: "Achana nalo dada, huyu mzee anaandika dua zake humu." Mimi nimekulia Tanga, madrasa nimeingia kabla ya darasa la kwanza. Nikalisoma pale pale nimesimama. Hazikuwa dua. Kilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama bibi yangu alivyokuwa akiandika barua zake. Tarehe ile ya mifuko 600 mzee ameandika: pikapu moja, mabati 40, misumari. Nikafunua kurasa zote tangu msingi uchimbwe. Saruji iliingia mara nne, jumla mifuko 210.

Mzee alikuwa ananitazama tu. Mwishowe akauliza, "Mwanangu, nimeandika vibaya?" Nikamwambia, "Hapana babu, umeandika vizuri sana."

Nilidhani kazi imekwisha. Kiongozi wangu akanifundisha somo ambalo ningependa ulipate mapema kuliko mimi: daftari la mlinzi peke yake halifikishi hoja popote. Watasema mzee alisinzia, au lori liliingia wakati yuko msikitini. Kwa hiyo tukapima. Tulimwomba mhandisi wa taasisi nyingine, tukapita na futi ya kamba: msingi, sakafu, nguzo, lenta, matofali, lipu. Zege la kawaida la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) linakula mifuko sita na nusu hivi ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo jengo lenyewe linaweza kukutajia limekula kiasi gani. Hata kwa hesabu ya ukarimu, lile halikuweza kumeza zaidi ya mifuko 220. Stoo tulihesabu mifuko 11. Tukachukua maelezo ya mzee kwa maandishi na dole gumba lake, tukaomba mtu mwingine anayejua herufi zile asome kurasa bila kuambiwa mimi nimesoma nini, tukapiga nakala. Vitu vinne vikasema neno moja. Hapo ndipo hoja ikaandikwa.

Usiku ule walinifuata nyumba ya wageni. Vitisho havikuwepo. Alikuja mama mtu mzima, mtu wa kwetu Tanga, mwenye adabu zake zote. Akaniita mwanangu, akauliza ukoo, ndani ya dakika kumi tukawa tumeshapata undugu. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi saba, nilikuwa naye safarini pamoja na dada wa kumlea. Yule mama akamchukua mtoto, akampakata, akamwimbia, kisha akaweka bahasha juu ya mkeka: "Ya sabuni ya mtoto." Mdogo wangu, vitisho ningevijua jinsi ya kuvikataa. Kumvunjia heshima mama wa umri wa mama yangu, amempakata mwanangu, ndiko kulikonitoa jasho. Nilimwomba radhi, nikatoka, nikamgongea kiongozi wangu chumba cha pili. Bahasha ikarudi mkononi mwa yule mama mbele ya watu wanne, haijafunguliwa. Kabla sijalala niliandika saa, majina na maneno yaliyosemwa, na asubuhi tukatoa taarifa ofisini.

Rushwa kwa mkaguzi mwanamke mara nyingi huja kwa njia hiyo, ya udugu na malezi. "Wifi, tusaidie." "Dada, utamfukuzisha kazi baba wa watoto watano." Ndiyo maana mimi hadi leo chakula cha mchana nalipa mwenyewe, hata kama ni wali maharage, na siendi mradini peke yangu ndani ya gari la ninayemkagua. Wengine wananiona nina maringo. Nawaacha waone hivyo.

Umeuliza mwisho wake huwa nini. Mtunza stoo alisimamishwa. Mkubwa mmoja alihamishiwa halmashauri nyingine, jambo lililoniuma na linaniuma bado, kwa sababu kumhamisha mtu aliyekula ni kuupeleka ugonjwa kijiji cha pili. Hoja ilikaa kwenye vitabu miaka mitatu kabla fedha haijaanza kurejeshwa kidogo kidogo. Zahanati ilifunguliwa imechelewa, na muda wote huo akina mama wa kijiji kile waliendelea kupelekwa wilayani kwa baiskeli na pikipiki kujifungua. Hilo ndilo ninaloliona kila nikishika hati ya malipo. Mifuko 390 ni chumba cha kujifungulia.

Lakini hoja ile haikufa, na haikufa kwa sababu iko kwenye mfumo ambao mtu mmoja hawezi kuuzima. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu amewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba. Ripoti zake anamkabidhi Rais mwishoni mwa Machi, kisha zinawasilishwa Bungeni na kuwa mali ya kila mwananchi. Za halmashauri zinashughulikiwa na kamati ya Bunge iitwayo LAAC, za serikali kuu na kamati iitwayo PAC, na pale Afisa Masuuli, yule mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, anajibu mwenyewe. Ukaguzi ukiona dalili za jinai, jalada linakwenda TAKUKURU. Ni safari ndefu, na kila hatua inategemea kama wewe, siku ya kwanza kule mradini, ulipima vizuri na ukahifadhi nakala.

Kuna mdau ameandika kwamba halmashauri yao imepata hati safi kwa hiyo hakuna wizi. Hapana. Hati hiyo, ambayo sisi tunaiita hati inayoridhisha, inasema taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi kwa mambo yote ya msingi. Haisemi hakuna aliyekula. Someni na zile kurasa za ndani: masurufu (fedha anazotangulizwa mtumishi kwa kazi) yasiyorejeshwa, makusanyo ya mashine za POS yasiyopelekwa benki, malipo yasiyo na viambatisho. Siku hizi malipo yanapita mfumo wa kompyuta wa serikali uitwao MUSE, na tangu 2023 zabuni zinapita mwingine uitwao NeST, na kweli mianya mingi imezibwa. Ila mfumo hauhesabu saruji. Sahihi ya uongo ikiingizwa kwenye kompyuta inabaki kuwa ya uongo.

Kuhusu mwanamke kufika juu, Kenya walimpata Nancy Gathungu mwaka 2020, mwanamke wa kwanza kuwa Mkaguzi Mkuu wa nchi ile. PAC ya Bunge letu imeongozwa na mama, Naghenjwa Kaboyoka. Mjomba wako umuonyeshe hayo kwa upole, anasema kwa kukupenda.

Ndoa na watoto havikuzuii. Safari ni nyingi, miezi ya Septemba mpaka Machi ndiyo migumu zaidi, kwa hiyo mchumba wako aijue ratiba hiyo kabla ya mahari. CPA, ile sifa ya uhasibu ya kitaaluma, usiiahirishe. Mitihani ya Bodi ya wahasibu inafanyika Mei na Novemba; ripoti kituo chako cha kazi kwanza, ukishajua umepangiwa wapi ndipo ujisajili. Nunua viatu vya kutembelea kwenye tope, futi ya kamba ya mita 30 na daftari lako mwenyewe lenye kurasa zilizoandikwa namba. Na ukipangiwa pwani, nitumie ujumbe, nikupe namna ya kuzisoma herufi zile. Wazee wanaoziandika bado wapo.