Jibu: Kwa nini Bluey inawashika watoto na wazazi pamoja

Mkuu, umeuliza inawezekanaje Bluey, katuni ya familia ya mbwa yenye vipindi vya dakika saba hivi, isiyo na adui hata mmoja, ikawachekesha mtoto na mzazi kwa pamoja.

Kwa maoni yangu siri ni kwamba mchezo wenyewe ndio hadithi. Watoto wakishaweka sheria, mgogoro unajizalisha. Kwenye kipindi cha "Keepy Uppy" sheria ni moja: puto lisiguse chini. Kisha Bandit, baba mtu, anaongeza ugumu makusudi, nawe unajikuta umekaa ukingoni mwa kiti kwa ajili ya puto!

Mbinu ya pili ni hadithi ndani ya hadithi. Kwenye "Baby Race" Chilli, mama mtu, anawasimulia wanawe jinsi Bluey alivyojifunza kutembea. Mtoto anaona mashindano ya vichanga. Mzazi anamwona mama mpya anayejilinganisha na wenzake mpaka anajiona ameshindwa. Picha ni ileile, hakuna aliyeachwa nje.

Halafu itafute "Sleepytime", ya mwaka 2020. Maneno ni machache mno, muziki wa mtunzi Holst ndio unaobeba kazi. Tunarukaruka kati ya ndoto ya Bingo, mdogo wake Bluey, angani na pilikapilika za usiku nyumbani, na joto la jua la ndotoni ni mama yake. Kwangu hiyo ndiyo bora kuliko zote.

Kasoro? Baba anaigiza kila anachoambiwa, bila kuchoka. Mke wangu ameshaanza kuniuliza mimi nakwama wapi.