Kumpendekeza Muuzaji Anayekulipa Bila Wenzako Kujua

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kwenye kundi letu watu huulizana wapi wanunue vifaa. Mimi huwatajia muuzaji ambaye kila nikimpelekea mteja hunipa kamisheni. Sijawahi kudanganya kuhusu bidhaa zake, ila hilo la kamisheni silisemi. Je, nina dhambi? Na nikiona tangazo la kazi ninayoiomba mwenyewe, ni lazima niwarushie wenzangu?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Ujira wa udalali wenyewe hauna tatizo. Imam Bukhari amenukuu kwamba wanazuoni wa mwanzo, Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan, hawakuona ubaya ndani yake. Tatizo lako liko kwenye kule kunyamaza.

Aliyeuliza amewauliza ndugu zake, akiamini anayemjibu hana anachopata. Mtume (s.a.w.) amesema: "Mwenye kutakwa ushauri ni mwenye kuaminiwa" (Abu Daud na Tirmidhi). Tazama alivyofanya yeye mwenyewe. Fatima bint Qays alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kumweleza. Mtume akamwambia wazi kwamba Abu Jahm haiteremshi fimbo begani mwake, yaani huwapiga wanawake, na Muawiya ni fukara asiye na mali. Akamwelekeza aolewe na Usama bin Zayd (Muslim). Alizitaja kasoro ambazo wenyewe huenda wasingependa zitajwe, kwa kuwa aliyekuja kutaka ushauri alikuwa na haki ya kuzijua.

Sasa nikuulize, ndugu yangu: ukimjua muuzaji mwingine mwenye bei nafuu zaidi, naye unamtaja? Ukimficha kwa ajili ya kamisheni, umeikhini amana, hata kama kila ulilotamka lilikuwa kweli. Na ukizidisha sifa zisizokuwepo, umeingia kwenye najash, yaani kumhadaa mnunuzi kwa kuipandisha bidhaa bei au sifa, ambayo Mtume ameikataza.

Mtu akiuliza, mwandikie hivi: "Yupo fulani, bidhaa zake ni nzuri. Nikimpelekea mteja hunipa chochote, kwa hiyo ulizia na kwingine." Mstari mmoja tu. Wapo watakaokwenda kwingine, na hiyo ni haki yao.

Ama tangazo la kazi, hulazimiki kulisambaza. Kulituma ni fadhila kubwa, kwani Mtume amesema hatoamini mmoja wenu mpaka ampendelee nduguye anachokipendelea nafsi yake, lakini kukaa kimya bila kuulizwa si uongo. Uharamu unakuja pale unapoulizwa ukasema hakuna nafasi, au ukataja tarehe ya mwisho isiyo sahihi ili wenzako wachelewe. Hilo ni jambo zito, nami nalikemea kwa nguvu zote.

Kwa yaliyopita, tubu, kisha liambie kundi ukweli kuhusu muuzaji huyo. Na kama kuna uliyemficha kasoro ya kifaa akapata hasara, mwendee yeye binafsi, umlipe au umwombe akusamehe.

Wallahu a'lam.