Maswali yenu: mtoto, kalamu na kanga ya mama

Wiki hii mmeniletea mengi kuhusu watoto na kuchora, nimechukua matano.

*Anti, wangu ana miaka 3 anachora mikwaruzo tu, wa jirani anachora nyumba kabisa. Nimtafutie tuisheni? (Mama, Mbagala)*

Tuisheni ya nini jamani, hiyo hela nunua karatasi. Huo mkwaruzo ndo mstari wenyewe, mkono unajifunza kwenda na kurudi, baadae utaona kafunga duara, alafu duara limeota miguu, hapo ujue umechorwa wewe, kichwa na miguu bila tumbo, usicheke. Na usimuulize "hii nini?" maana atatunga jibu ilimradi akuridhishe. We mwambie unachokiona: huu mstari umeenda mbaaali, huu umejikunja kama konokono.

*Sisi hatuna vitabu vya picha wala makumbusho karibu, naanzia wapi? (Baba, Tanga)*

Kabatini kwa mama yake. Toa kanga, kama kuna kisutu ndo nzuri zaidi maana ina rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, itandaze chini mkae nayo. Mwambie atembeze kidole kwenye pindo azunguke kona zote nne mpaka arudi alipoanzia, watoto wanapenda sana hii, wangu alizunguka mara sita akaanza kuhesabu maua na hakuna aliyemtuma. Alafu njooni kwenye mji, pale katikati: kuna maumbo gani, yapi yanajirudia, rangi gani imekuita kwanza? Mkimaliza afumbe macho apapase kanga alafu apapase mkeka, aseme ipi laini ipi inakwaruza. Hapo umeshamfundisha mstari, umbo, rangi na mguso bila kutoka nyumbani. Jina la kanga msomee pia, ila chagua la heshima, kuna mengine akilisikia leo kesho kampelekea jirani.

*Nilimpeleka wa miaka 5 kuangalia michoro ya Tingatinga pale Oysterbay, dakika 10 tu analilia soda. Hapendi sanaa? (Mama, Kinondoni)*

Dakika 10 nyingi hizo, mnunulie soda yake. Shida ni kumpitisha kwenye michoro yote, imebanana ukutani mpaka mtu mzima macho yanachoka. Siku nyingine achague mmoja tu, mchuchumae mbele yake. Msimulie kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapo hapo Dar mwaka 1968, bila turubai, anapaka rangi ya baiskeli kwenye silingi bodi, na mnyama wake mara nyingi anajaza bodi nzima, nyuma rangi moja basi. Muulize, huyu chui angekuwa mdogo pale kwenye kona ingekuaje? Hilo swali ndo somo zima la nafasi, mkirudi nyumbani mpe kipande cha boksi achore mnyama mmoja mpaka mkia uguse ukingo.

*Mwalimu kamwekea mwanangu mkasi (alama ya kosa) kisa kapaka ng'ombe kijani. (Mama, Moshi)*

Kwenye hiyo michoro ya Tingatinga kuna tembo wa bluu na watu wananunua. Usigombane na mwalimu, we huo mchoro ubandike ukutani.

*Peni za rangi zinaisha kila wiki, nifanyeje? (Bibi, Morogoro)*

Bibi yangu, jikoni kwako kuna duka. Mkaa ni mweusi, udongo mwekundu ukichujwa na maji kidogo ni rangi, choya iliyochemshwa inatoa damu ya mzee safi. Ila mwanzie na manjano, yale ya kupikia: koroga kijiko kwenye maji, apake karatasi kwa kidole, alafu mwekee maji ya magadi pembeni adondoshee tone moja moja. Pale tone linapotua manjano yanageuka mekundu anaona kwa macho yake, utasikia kelele. Fanyieni uani, na asiwe na shati la shule, manjano hayatoki kirahisi.