Kupima viwanja jioni Dodoma: tazama saa kabla hujailaumu mashine

Wapimaji wengi wa hapa, jua la Oktoba likishawababua kule Nala au Ihumwa, husogeza kazi jioni wapate upepo. Mimi nashauri kinyume: anza alfajiri, na jua likizama uwe umeshafungasha. Mchana RTK (upimaji wa GPS unaosahihishwa papo hapo kutoka kituo cha jirani) inashika upesi. Ikifika saa mbili usiku satelaiti zinapotea moja moja, ilhali mbingu nyeupe na hakuna hata mbuyu wa kukinga. Kijana wa rova, ile mashine ya kutembea nayo, atasema betri; bosi atasema risiva, yaani kipokeo cha mawimbi, ni mbovu.

Tatizo liko juu. Kuanzia kama kilomita 80 hadi 1,000 kutoka ardhini, jua limeibambua hewa elektroni zake ikawa plazma. Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200, kwa hiyo mawimbi yake lazima yapite humo. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sumaku ya Dunia hulala sambamba na ardhi, kwa upande wetu inapita Ethiopia. Mchana plazma huinuliwa pale, kisha huteremka kwa kufuata mistari ya sumaku mpaka nyuzi 15 hivi kaskazini na kusini. Dodoma tuko karibu na pale inapomwagikia upande wa kusini, ndiyo maana hatusalimiki.

Jua likituchwa, tabaka la chini la plazma hufifia haraka, la juu hupanda, na plazma nzito hujikuta imekalia nyepesi, kama maji juu ya mafuta. Nyepesi hutoboa kwenda juu, yakazaliwa mapovu makubwa yanayovurugika hadi mikunjo ya mita mia chache. Mikunjo hiyo ndiyo inayoyametesha mawimbi ya GPS hadi risiva ipoteze hesabu. Mara nyingi hutulia baada ya saa sita usiku. Msimu wake mkali ni Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba, hususan miaka ambayo Jua limechachamaa.

Risiva ya masafa mawili (inayopokea mawimbi ya frikwensi mbili) isikutie kiburi: inafuta ucheleweshaji wa mawimbi, kumetameta haizuii. Hata zile programu za simu za kutabiri dhoruba za sumaku sizitegemei sana, maana mapovu huja hata usiku uliotulia kabisa.

Ukibanwa na mteja, weka bezi (kile kituo cha kusahihisha) karibu, washa Galileo na BeiDou pia, yaani satelaiti za Ulaya na za China, na zikatae satelaiti zilizo chini karibu na upeo. Bikoni (alama ya mpaka) uliyoipima usiku usiimwagie zege mpaka umeirudia asubuhi. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki tu.