Kuvuma: ni sifa au ni tuhuma?

SWALI: Bibi, shikamoo. Niliandika risala ya kumuaga mwalimu mkuu wetu anayestaafu. Nikaweka: "Mwalimu alivuma wilaya nzima kwa ukali wake." Mwenyekiti wa kamati akaikata kwa kalamu nyekundu, eti "kuvuma" ni neno la mitaani, na tena ni kumsema vibaya mzee wa watu. Ni kweli?
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenyekiti kakata panapostahili, ila sababu aliyotoa siyo.

Mitaani kumeingiaje? Upepo unavuma, nyuki wanavuma, ngoma inavuma. Jina la mtu likisikika mbali, nalo linavuma. Wazee walishasema: avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Kisikilize hicho kijembe. Papa hakunyimwa umaarufu wake, kaambiwa tu hayuko peke yake. Basi ukisema fulani anavuma ukanyamaza, wenye masikio watasubiri umalizie: kwa lipi? Jambazi huvuma, daktari bingwa naye huvuma. Hata "uvumi" umetoka tumbo hilo hilo, na uvumi hatuuweki kwenye risala.

Mtu ambaye neno hili linamkaa sawasawa ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Mzaliwa wa Fumba, Unguja, muuza vyungu. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na jina lake likavuma pwani nzima. Kwake kilichosafiri kilikuwa sauti hasa.

Kasoro yako, kwa sikio langu, ni hiyo "ali-". Siti alifariki 1950, kwa hiyo tunasema alivuma bila wasiwasi. Mwalimu wako atakuwa meza kuu, soda mkononi, anakusikiliza. "Alivuma" inamfanya kama keshakwisha. Na huo ukali, jamani, siku ya kuagwa?

Andika hivi: "Jina la mwalimu limevuma wilaya nzima kwa wanafunzi aliowafikisha mbali." Mwenyekiti akizidi kukunja uso, mpe "ni mashuhuri", neno lililotulia, halina kelele. "Anawika" na "anatamba" tuwaachie watangazaji wa mpira.

Fimbo zake mtazitania baadaye, zawadi zikishatolewa na mgeni rasmi akishaondoka.